Masanduku Matano ya Mwalimu Trakhtman

Winnipeg, 22 Januari 1961

Kwa Bi D. Ferber,
Hifadhi ya Nyaraka ya Zeligman, New York

Shikamoo Bi Ferber,

Naanza na jambo ambalo sijamwambia mtu yeyote, hata mama yangu. Babu yangu haoni tena maandishi. Kila asubuhi anakaa mezani, anafungua gazeti la Kiyidi mbele ya uso wake, anafunua kurasa kwa mwendo uleule wa zamani, na mara mojamoja anaguna kama mtu aliyekutana na upuuzi. Juzi gazeti lilikuwa juu chini. Mama alikuwa anakaanga mayai, hakugeuka. Mimi nikamimina chai.

Nakuambia wewe kwa sababu hunijui, na kwa sababu bila hilo hutaelewa kwa nini nakuandikia mimi na si yeye.

Naitwa Hinde Trakhtman. Nina miaka kumi na sita na niko sekondari. Baba yangu alifariki nikiwa mdogo, na tangu hapo tunaishi na baba yake, Shloime Trakhtman, mwalimu na mhadhiri. Huenda umewahi kulisikia jina. Huku kwetu wazee wakilisikia husema, "Aa, Trakhtman!" kisha wananyamaza, sijui kwa heshima au kwa kukumbuka urefu wa mihadhara yake.

Kwenye kibaraza cha nyuma kuna masanduku matano ya karatasi zake: mihadhara ya tangu alipofika nchi hii, barua za wanafunzi, matangazo yaliyobandikwa ukutani. Kibaraza kimeoza. Mjomba atakibomoa barafu ikiisha, na mama amesema masanduku yawe yameondoka kabla ya usafi wa Pasaka.

"Yaende wapi?" nikamuuliza.

"Nijuaje mimi? Nina mikono miwili na yote iko kwenye sinki."

Nimeona tangazo lenu kwenye gazeti hilohilo ambalo Babu halisomi. Mnasema mnapokea karatasi za walimu Wayahudi wa lugha ya Kiyidi. Naomba mpokee hizi. Samahani kwa mwandiko wangu. Shuleni tunaandika Kiingereza, na herufi zetu nilifundishwa na Babu, ndiyo maana zinafanana na za mzee.

Wako mtiifu,
Hinde Trakhtman


New York, 6 Februari 1961

Hinde Trakhtman,

Marahaba. Mwandiko wako ni mzuri kuliko wa maprofesa watatu walioniandikia wiki hii.

Tutayapokea. Ila nikwambie ukweli mapema, usije ukanilaumu baadaye. Kila anayeniandikia alikuwa na babu mhadhiri. Ghala letu liko chini ya jengo, karibu na mabomba ya maji ya moto, na humo nina masanduku zaidi ya mia sita ambayo hayajafunguliwa. Wafanyakazi tuko wawili: mimi, na Bwana Pinsker ambaye anaumwa mgongo. Ya babu yako yatapewa namba yakae kwenye foleni. Nikikadiria bila kujidanganya, yatafunguliwa baada ya miaka ishirini. Ni nani atakayeyasoma wakati huo, sijui, na nimechoka kujiuliza.

Lakini panya hawaingii, na hayatalowa. Hayo ndiyo ninayoweza kuahidi.

Niandikie maelezo mafupi ya maisha yake. Kuhusu usafiri, Bwana Shtern, mfanyabiashara wa manyoya wa huko kwenu, huja New York na lori kila mwaka barabara zikikauka. Atayabeba bure, ni mtu wetu.

Jambo la macho hukutakiwa kulibeba peke yako. Sitamwambia mtu.

Dvoira Ferber


Winnipeg, 14 Februari 1961

Shikamoo Bi Ferber,

Asante. Asante sana. Barua yako niliisoma mara nne nikiwa nimesimama barazani na koti, hata mama akapiga kelele kwamba naingiza baridi.

Nilimsomea Babu yote, isipokuwa mstari wa macho. Alitaka niisome kwa sauti, eti nifanye mazoezi. Nilipofika kwenye masanduku mia sita akasema, "Rudia hapo." Nikarudia. Akasema, "Mwanamke mkweli huyo," akaenda kulala ingawa ilikuwa saa kumi alasiri. Nadhani alifurahi. Furaha yake si rahisi kuitambua.

Maisha yake ni haya. Alizaliwa karibu na Gomel, Urusi, baba yake akiuza lami ya kupaka magurudumu ya mikokoteni. Alipokuwa na miaka kumi na tisa alikamatwa kwa kuwafundisha washonaji kusoma. Akatoroka, akafika hapa mwaka 1907. Mchana alishona kofia, jioni alifundisha watoto wa mtaa, na baadaye watu wazima. Halafu kila msimu wa baridi, mavuno yakishaingia, alipanda treni kwenda kwa wakulima wetu waliotawanyika kwenye nyanda za magharibi. Alizungumza popote palipokuwa na paa. Alizungumza juu ya nyota, juu ya asili ya viumbe, juu ya manabii kama watu wa kawaida wenye hasira.

Mara moja kulikuwa na dhoruba ya theluji, akaja msikilizaji mmoja tu. Babu akazungumza saa mbili nzima. Mwisho akamshukuru yule mtu kwa kiu yake ya elimu. Yule mtu akasema, "Kiu ipi, mwalimu? Ghala ni langu, nasubiri utoke nifunge."

Hadithi hiyo huisimulia mwenyewe. Zamani alikuwa akiisimulia mara nyingi zaidi.

Wako mtiifu,
Hinde


Winnipeg, 19 Februari 1961

Kwa Bi Ferber,

Anayeandika ni Getzl Milner, mtunzaji wa sinagogi la mtaa huu, kwa kinywa cha Shloime Trakhtman, ambaye macho yamemwacha na anadhani hakuna anayejua. Maneno yangu nitayatia kwenye mabano ili dhambi zetu zisichanganyike.

Bi Ferber, nakusalimu. Mjukuu wangu amekuandikia kwa moyo safi. Nakuomba usiyapokee masanduku yangu, na usimwambie kwamba nimekuomba. (Nilimwambia huo ni uongo. Akasema ni adabu.)

Sikulaumu kwa mia sita yako. Nimekaa nikaifikiria. Karatasi zile sikuziandika ili zisomwe. Niliziandika ili mikono yangu isitetemeke mbele za watu. Mhadhara ni watu. Huyu anakohoa, yule amelala, na mwanamke wa mstari wa mbele ananyonyesha na bado swali lake ndilo gumu kuliko yote. Watu hao najua waliko. Wako makaburini kaskazini mwa mji, safu kwa safu. Karibu wote niliwasindikiza. (Kweli. Wanaume niliwaosha mimi.)

Huyu Getzl ana pipa katika chumba cha chini cha sinagogi. Watu hutia humo vitabu vya sala vilivyochakaa, kwa kuwa maandiko matakatifu hayatupwi, huzikwa kama mtu. Kila mwaka ardhi ikiyeyuka anapeleka pipa makaburini. Nataka masanduku yangu yaende pamoja nalo. Yaende kwa wasikilizaji wake. Mimi nimechoka, na sitaki kusimama kwenye foleni nyingine, hata kwa karatasi.

(Bi Ferber, kwa miaka arobaini kafiri huyu amekunywa chai yangu na kuniambia kwamba juu hakuna mtu. Aliponiomba hili nikasema, Shloime, shimo lile ni la maandiko matakatifu, si la mihadhara ya kumkana Mungu. Akasema, fungua uone. Nikafungua. Ili amkane, amemtaja kila ukurasa. Aya za Torati amezinakili kwa herufi za kupendeza, na maneno ya wahenga pembeni, apate kuwapinga mmoja baada ya mwingine. Hakuna mtu katika mtaa huu, mcha Mungu wala mlevi, aliyeandika Jina Lake Mungu mara nyingi kama yeye. Kutupa siwezi. Basi nitayazika. Nimemwambia hili ni jambo la kwanza la maana alilosema tangu mwaka 1922.)

(Anauliza nacheka nini. Nimemwambia nimekohoa.)

Tafadhali jibu kwa anwani ya sinagogi.

Shloime Trakhtman
(Sahihi ni yake. Nusu imeangukia mezani.)


New York, 28 Februari 1961

Mwalimu Trakhtman,

Ile idadi ya masanduku mia sita sikupaswa kuiandika. Siku ile bomba lilikuwa limepasuka na tulishinda tukikausha makaratasi kwenye kamba kama nguo. Nilikuwa nimechoka, nikamwandikia mtoto kama ninavyojisemea mwenyewe.

Miaka kumi na tano sasa, tangu vita viishe Ulaya, kazi yangu ni kupokea karatasi zilizofukuliwa. Zilikuwa ndani ya mitungi, chini ya sakafu, katikati ya kuta. Waliozifukia walitaka zitoke, wao wenyewe hawakutoka. Baadhi yao niliwajua. Sijawahi kuandikiwa na mtu aliye hai, aliyekaa kwake na rafiki yake, anayetaka karatasi zake ziingie ardhini na zibaki humo. Kubishana nawe sina haki.

Basi sitayapokea. Kumficha mtoto sipendi, lakini umeniomba, nami ndiye niliyekuumiza kwanza.

Bwana Milner, jitunze na hicho kikohozi.

Dvoira Ferber


New York, 1 Machi 1961

Hinde Trakhtman,

Nasikitika kukuarifu kwamba ghala letu limejaa na kwa sasa hatuwezi kupokea mzigo mpya. Nakushukuru kwa maelezo yako.

D. Ferber


Winnipeg, 12 Machi 1961

Shikamoo Bi Ferber,

Nimesoma barua yako. Ni fupi, kwa hiyo nimeisoma mara nyingi.

Najiuliza nimekosea wapi. Pengine ni ile hadithi ya ghala na dhoruba. Nilidhani itakuchekesha, sasa naona imemfanya Babu aonekane mtu wa kijijini tu, asiye na wasikilizaji. Sivyo. Kuna tangazo moja la ukumbi uliojaa hadi watu wakakaa madirishani. Au ni kwa sababu mimi ni mwanafunzi na ulitegemea mtu mzima akuandikie. Nilimwomba mama aandike. Akasema, "Nikiandika mimi nitawaambia waje wachukue na baba mkwe."

Alikuwa anatania. Amechoka, Bi Ferber. Anamfulia, anampikia, na yeye anamkosoa jinsi anavyokata vitunguu.

Kama tatizo ni nafasi, naomba mpokee moja. Nitachagua moja. Sanduku lenyewe si kubwa, lilikuwa la machungwa.

Nilimpa Babu habari kwamba mmekataa. Niliogopa sana kumwambia. Akanigonga begani akasema, "Ghala likijaa limejaa." Kisha akala vipande viwili vya samaki wa chumvi na mkate mweusi, na wiki nzima kabla ya hapo alikuwa hali chochote. Mama akasema labda ni huzuni. Mimi sijawahi kuona huzuni yenye hamu ya kula namna ile.

Shuleni hakuna wa kumwambia. Kuna msichana anaitwa Marjorie, tunakaa dawati moja. Aliniuliza kwa nini nimenuna, nikamwambia babu yangu ana masanduku ya mihadhara. Akasema, "Pole, wa kwangu ana jongo." Nadhani alikuwa anajaribu kunifariji.

Tafadhali nijibu. Pasaka ni mwisho wa mwezi huu.

Hinde


Winnipeg, 10 Aprili 1961

Bi Ferber,

Hukunijibu. Sasa najua ni kwa nini.

Siku tatu kabla ya Pasaka nilirudi kutoka shule nikakuta kibaraza kitupu, kimefagiliwa. Nilimpigia mama kelele, mimi ambaye hata darasani huambiwa niongeze sauti. Nikamuuliza ameyatupa wapi. Mama akakaa juu ya ndoo na kitambaa cha kufutia mkononi, akasema, "Hinde, mimi nilikuta yameshaondoka. Nikasema Mungu ni mwema." Kisha akalia. Sikujua kama analilia masanduku au analilia kelele zangu.

Sikukuu yote Babu alikuwa mchangamfu. Alikosoa nyimbo, akakosoa supu. Jana asubuhi, sikukuu ilipokwisha, nilikwenda sinagogi kurudisha sufuria la mzee Getzl. Nikashuka chumba cha chini kuliweka. Pembeni ya pipa la vitabu chakavu palikuwa na masanduku matano ya machungwa, yamefungwa kamba.

"Mzee Getzl," nikasema, "haya ni ya Babu."

"Najua. Nimeyabeba mimi. Mgongo wangu unajua zaidi."

"Yanafanya nini hapa?"

Akavua kofia akaivaa tena. "Sikiliza binti. Mimi niliahidi kutokwambia. Sikuahidi kutokujibu ukiuliza."

Basi nikauliza, akanijibu yote. Akanionyesha na barua yako ya tarehe 28 Februari.

Umenidanganya. Uliniambia ghala limejaa. Mimi nilikuambia jambo ambalo sikuwa nimemwambia mtu, na wewe ukachukua siri ya mwingine ukaificha nisiione. Nyote watu wazima, mnaandikiana kwa adabu juu ya kichwa changu. Nililala nikidhani ni mwandiko wangu.

Babu sijamwambia kitu. Nampitia mezani kama kiti.

Nataka kuuliza swali moja, unijibu ndiyo au hapana. Nikiyachukua mwenyewe, nikayapandisha kwenye lori la Bwana Shtern, utayapokea?

Hinde Trakhtman


New York, 18 Aprili 1961

Mwanangu Hinde,

Ndiyo. Nitayapokea.

Hilo ndilo jibu ulilolitaka, na nimeliweka mwanzo usilitafute chini. Sasa nisikilize kidogo, kama bado unaweza.

Nilikudanganya. Nilijiambia kwamba namheshimu mzee. Pia ilikuwa rahisi zaidi, na mtu aliyechoka huchagua lililo rahisi na kulipa jina zuri. Nisamehe. Mwandiko wako hauna kosa. Hadithi ya ghala nilimsomea Bwana Pinsker, akacheka mpaka akashika mgongo.

Bwana Shtern ataondoka Winnipeg tarehe 4 Mei. Nimemwambia apite kwenu kwanza. Ukimpa masanduku, yatafika, nami nitakuwa nimevunja ahadi yangu kwa babu yako. Nitaivunja. Nayataka, Hinde. Nataka kila karatasi iliyoandikwa kwa herufi hizo, hata ya dobi. Nilitoka mahali ambapo nilirudi baada ya vita sikukuta hata kibao cha duka. Mtu kama mimi si wa kumuuliza kama karatasi izikwe.

Kwa hiyo usiniulize mimi. Wewe unaniandikia, babu yako ananiandikia, mzee Milner ananiandikia kwenye mabano. Ninyi watatu mnakaa mtaa mmoja, mnakunywa chai kwenye birika moja, na mnazungumza kupitia kwangu, mimi niliye mbali hivi. Nenda ukaongee na babu yako. Baada ya hapo lolote utakalomwambia Bwana Shtern nitalikubali.

Dvoira


Winnipeg, 15 Mei 1961

Shikamoo Bi Dvoira,

Bwana Shtern alipita tarehe 4 kama ulivyosema. Nilimpa chai, nikamwambia hakuna mzigo. Nieleze ilivyokuwa.

Barua yako ilifika siku ya Ijumaa. Jumamosi alasiri nikaenda kukaa mbele ya Babu. Alikuwa nyuma ya gazeti.

"Babu, nimeyaona masanduku."

Akalishusha polepole. "Getzl ana mdomo kama mlango wa sinagogi. Uko wazi kwa kila mtu."

"Na macho yako najua. Tangu kabla ya sikukuu ya Hanuka."

"Na ukanyamaza?"

"Nilidhani hutaki kuulizwa."

"Sikutaka," akasema. Akalikunja gazeti, akaliweka kando, na tangu siku hiyo hajalifungua tena.

Nilikuwa nimejiandalia maneno, nusu yake yakanipotea. Nikamwambia baada ya miaka ishirini nitakuwa na miaka thelathini na sita. Nitapanda treni mpaka New York, niombe nifunguliwe masanduku yake, niyasome yote. Kwa hiyo si kweli kwamba hakuna msomaji.

"Na ukifika mahali usipopaelewa," akasema, "utamuuliza nani? Yule wa mgongo?"

"Sijui."

"Miaka ishirini! Mimi nipo hapa, nakula mkate wenu. Udongo bado mgumu kama chuma, Getzl hawezi kuchimba kitu kabla ya katikati ya Mei. Soma sasa. Halafu uje unibishie. Nimefundisha watu miaka arobaini, na katika nyumba hii hakuna hata mmoja aliyewahi kunibishia."

"Hukuwahi kuniambia nisome."

"Hukuwahi kuomba."

"Na mimi," mama akasema kutoka kwenye sinki, "sijawahi kuombwa kitu ila chai."

Nikamuuliza kama naruhusiwa kunakili. Akakataa. Akasema ukinakili unaacha kusoma, mkono unafanya kazi na kichwa kinalala. Nikamuuliza, na baada ya kusoma? Akasema, "Baada ya kusoma yatakwenda nilikosema. Hinde, niache nishinde hili moja." Aliisema kwa sauti ndogo sana.

Basi kila siku baada ya shule nilishuka chumba cha chini cha sinagogi nikasoma. Palikuwa na baridi na taa moja. Mzee Getzl aliniletea chai akajifanya anafagia. "Amemtaja Mungu tena?" ananiuliza. Namwambia ndiyo, mara tatu. "Aendelee, aendelee," anasema, anafagia mahali palepale.

Jioni narudi kubishana. Nilimwambia umbali wa nyota ameukosea, kitabu chetu cha shule kina hesabu nyingine kabisa. Akasema, "Kweli? Basi mhadhara huo uzikwe chini kabisa." Nilimuuliza kwa nini mwaka 1911 aliandika kwamba watu wote watakuwa ndugu mimi nitakapokuwa mkubwa. Akasema aliyeandika hayo alikuwa mtu mwingine, mwenye meno yote. Siku nyingine alilala katikati ya jibu, nami nikabaki na nusu. Kesho yake hakukumbuka alikuwa anasema nini. Nusu hiyo ninayo hivyohivyo.

Kuna mhadhara mmoja kwa wazazi, juu ya kumfundisha mtoto kusoma. Anasema mtoto akikosea usimnyang'anye kitabu umwonyeshe, subiri, hata kama chakula kinapoa. Nikakumbuka jinsi alivyonifundisha. Chakula kilikuwa kinapoa kweli, na mama alikuwa anakasirika kweli.

Sikumaliza. Nilimaliza matatu, na la nne nikafika katikati. Mvua ilianza, maji yakaingia chumba cha chini, na mchimbaji alikuwa amekwisha kuitwa kwa Jumapili. Mzee Getzl alisema angeweza kumwomba Babu wasogeze hadi Juni. Nikamtazama Babu alivyopanda ngazi tatu za mlangoni kwetu, akipumzika kila moja, nikasema hapana, iwe Jumapili.

Jana tulikwenda. Walikuja wazee kumi na mmoja, na wawili kati yao ni wanawake waliokuwa wanafunzi wake wa jioni. Pipa na masanduku vilikwenda kwa gari la muuza mboga. Kutoka langoni hadi shimoni njia inapita kati ya makaburi. Babu alinishika mkono akaniambia nisome majina ya kushoto na kulia.

"Velvl Kagan," nikasoma.

"Huyo alikuwa analala. Lakini alikuwa halipi kiingilio asipolala, kwa hiyo tulimwacha."

"Frume Gisser."

"Swali baada ya swali. Mwamshe taratibu."

"Ber Yoffe."

Babu akanyoosha mkono akaligusa jiwe la Ber Yoffe. Nikasubiri, kisha nikasoma jina lililofuata.

Mzee Getzl alisoma sala. Babu alisimama na kofia kichwani. Waliposema amina, yeye alisafisha koo. Masanduku niliyashusha mimi na mjomba. Lile la nne kamba yake ilikuwa imelegea kwa sababu yangu, nikaikaza kabla ya kulishusha. La tano sikuwa nimelifungua. Nililipakata kidogo, nikaona halina uzito zaidi ya mengine, nikalishusha. Halafu tukatia udongo, koleo la kwanza likiwa limegeuzwa mgongo kama ilivyo desturi, na Babu akatia konzi moja kwa mkono.

Najua ulikuwa unayataka. Nami niliyataka, nikwambie kweli, hata wakati natia udongo. Usitenge namba kwa ajili yetu.

Langoni tulinawa mikono kwenye bomba na hatukujifuta, hiyo nayo ni desturi. Tukapanda basi. Babu alisinzia begani kwangu mpaka kituo chetu, nikamwamsha, tukashuka. Nyumbani nilimsaidia mama kuosha vyombo, kisha nikafanya hesabu za aljebra hadi saa nne usiku. Leo nimefanya mtihani, nadhani nimekosea swali la mwisho. Baada ya shule nimekaa mezani nikakuandikia, Babu akiwa kiti cha pili akiniuliza kila mara nimefika wapi. Sasa nimefika mwisho, na naenda posta kabla hawajafunga.

Hinde Trakhtman